Chai za mitishamba wakati wa chakula: je, nazo huzuia madini ya chuma kufyonzwa?

Kikombe cha Pili ameuliza:

Habari zenu, ndugu wanajukwaa. Ninaomba ufafanuzi wa jambo ambalo kila ninapolisoma ninakutana na majibu yanayopingana. Vipimo vyangu vya damu vilionyesha kwamba akiba yangu ya madini ya chuma iko chini, ingawa hemoglobini yenyewe bado haijashuka sana. Nikashauriwa kuongeza vyakula vyenye chuma na kuacha kunywa chai nyeusi wakati wa chakula. Ushauri huo niliufuata kwa kuhamia kwenye chai za mitishamba, hasa mnanaa mchana na kamomili usiku, na kwa kuwa hazina kafeini nikaamini kwamba tatizo limekwisha. Sasa nimesoma kwamba mnanaa huzuia chuma kwa kiwango kinachokaribiana na cha chai nyeusi, na habari hiyo imenishangaza, kwa sababu mitishamba huzungumziwa kana kwamba ni maji ya moto yaliyotiwa harufu nzuri tu.

Ningependa kujua kinachozuia ni nini hasa ikiwa si kafeini, na kama kutia maziwa au limau ndani ya kikombe kunasaidia lolote. Niongeze kwamba mimi si mlaji wa nyama, kwa hiyo chuma changu chote hutoka kwenye nafaka, kunde na mboga za majani, na sijui kama hilo linabadilisha mambo. Kuacha chai kabisa sitaki, ikiwa ipo namna ya kuipanga.

Mlo na Maabara amejibu:

Dada Kikombe, ulichosoma ni kweli, na kafeini haihusiki. Mnanaa hauna kafeini hata chembe, lakini umepimwa kwa binadamu na ukaonekana kuzuia chuma kwa nguvu. Wahusika ni polifenoli, kundi kubwa la kemikali ambazo mimea huzitengeneza kwa kazi zake yenyewe, ikiwemo kujikinga na wadudu na jua kali. Baadhi yake, yaani tanini, ndizo zinazoleta ule ukakasi unaokausha ulimi chai ikikolea.

Ili uelewe kinachotokea, fuatilia safari ya chuma cha kwenye kunde baada ya kumezwa. Asidi ya tumboni hukiyeyusha na kukitenganisha na chakula, kisha hufika katika sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba, ambako ndiko sehemu kubwa ya ufyonzwaji hufanyika. Chuma kingi cha mimea huwa katika hali iitwayo feriki, ambayo chembe za ukuta wa utumbo haziwezi kuipokea moja kwa moja. Kwanza ni lazima kigeuzwe kuwa ferasi, ndipo protini maalumu ya usafirishaji ikiingize ndani. Polifenoli ambazo zina vikundi viwili au vitatu vya haidroksili vilivyo jirani hukishika chuma hicho kabla hakijaifikia protini ile, na muungano unaotokea hauwezi kupita. Chuma hubaki ndani ya utumbo na kutoka na choo. Zingatia kwamba chai haichukui chuma ambacho tayari kimo katika damu yako; inachozuia ni kile kilichomo katika mlo uliokutana nayo.

Kiasi kinachotosha kufanya kazi hiyo ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Katika majaribio ya Brune na wenzake yaliyochapishwa mwaka 1989, miligramu 5 tu za asidi ya tanini zilizotiwa katika mlo zilipunguza ufyonzwaji wa chuma kwa asilimia 20, miligramu 25 kwa asilimia 67, na miligramu 100 kwa asilimia 88.

Kuhusu vinywaji vyenyewe, kipimo kinachotajwa zaidi ni cha Hurrell, Reddy na Cook cha mwaka 1999. Waliwapa watu wazima mlo wa mkate ambao chuma chake kiliwekewa alama ya mnururisho, pamoja na kikombe cha maji au cha kinywaji kinachopimwa, kisha wakachunguza ni kiasi gani cha chuma hicho kilikuja kuonekana katika chembe nyekundu za damu. Ikilinganishwa na maji, chai nyeusi ilipunguza ufyonzwaji kwa asilimia 79 hadi 94, mnanaa kwa asilimia 84, kakao 71, vabena 59, maua ya mti wa lindeni 52 na kamomili 47. Walipolinganisha vinywaji vikiwa na kiasi kilekile cha polifenoli, chai nyeusi iliizidi kakao, kamomili, vabena na lindeni, ila mnanaa ulikwenda nayo sambamba. Kwa hiyo kati ya vikombe vyako viwili, cha mchana ndicho chenye makali, na bila shaka ndicho unachokunywa pamoja na mlo mkubwa wa siku.

Asilimia hizo zisisomwe vibaya, maana nimeona watu wakizisoma kana kwamba mnanaa humwondolea mtu asilimia 84 ya chuma chake chote. Chukua mfano wa mlo wenye miligramu 5 za chuma cha mimea, na tuseme mwili wako ungefyonza asilimia 10 ukinywa maji, yaani nusu ya miligramu. Ukiunywea mnanaa uliokolea kama ule wa kwenye jaribio, utapata takriban miligramu 0.08. Ukiunywea kamomili, utapata kama miligramu 0.27. Kwa mlo mmoja tofauti hiyo ni ndogo, lakini ikirudiwa kila siku kwa mtu ambaye akiba yake tayari iko chini, haiwezi kupuuzwa.

Maziwa hayasaidii. Wapo wanaosema kwamba protini ya maziwa huzishika tanini kabla hazijakishika chuma, na hoja hiyo inavutia kwenye karatasi, lakini jaribio hilohilo la 1999 lilionyesha kwamba kutia maziwa katika chai hakukubadilisha kitu cha maana. Isitoshe, kalsiamu ya maziwa nayo, ikiwa nyingi katika mlo, hupunguza ufyonzwaji wa chuma.

Limau ni habari nyingine, lakini kipimo chake ndicho kinachoamua. Vitamini C hukigeuza chuma kutoka feriki kuwa ferasi na pia hukishika kwa namna inayokiacha kipite, hivyo hushindana moja kwa moja na tanini. Siegenberg na wenzake, mwaka 1991, walikadiria kwamba mlo wenye zaidi ya miligramu 100 za asidi ya tanini unahitaji angalau miligramu 50 za vitamini C ili kizuizi kiondoke. Kipande chembamba cha limau kinachoelea kikombeni hutoa miligramu chache tu, na maji ya moto hupunguza hata hizo. Chungwa moja la wastani, likiliwa pamoja na chakula, lina kama miligramu 70. Kwa hiyo kula tunda, na limau la kikombeni uliweke kwa ajili ya ladha.

Kutokula nyama kunabadilisha mambo, naam. Chuma cha hemu, kinachopatikana katika nyama na samaki, huingia kwa njia yake na hakisumbuliwi sana na chai. Wewe unategemea chuma kisicho cha hemu peke yake, na nafaka na kunde zina fitati, kemikali za asili za mbegu, ambazo nazo hukishika. Kikombe chako kinaongeza kizuizi cha pili juu ya kile kilichomo tayari ndani ya sahani.

Hesabu Kwanza amejibu:

Ninakubaliana na Mlo na Maabara kuhusu kemia, lakini ninaomba tuwe waangalifu na namna tunavyozitumia takwimu za mlo mmoja. Majaribio ya aina hii hufanywa kwa mtu aliyelala bila kula, akapewa mlo sahili na kinywaji kimoja, na matokeo yake huonyesha upeo wa athari katika mazingira yaliyodhibitiwa. Mtu wa kawaida hula mlo mchanganyiko, wenye matunda, mboga, pengine samaki, na athari ya kikombe humezwa kwa sehemu na vingine vilivyomo. Tena mwili haukai tu ukitazama: akiba ya chuma inapopungua, ini hupunguza homoni iitwayo hepsidini, na utumbo hufungua njia zaidi ili chuma kiingie kwa wingi. Mate nayo yana protini zenye prolini nyingi ambazo hushikamana na tanini tangu mdomoni.

Ndiyo maana tafiti zinazotazama akiba ya chuma kwa watu wenye lishe ya kutosha mara nyingi hazioni madhara makubwa ya unywaji wa chai, ilhali kwa watu ambao akiba yao tayari iko ukingoni athari huonekana. Aliyeuliza swali yuko katika kundi hili la pili, kwa hiyo ushauri aliopewa ni wa haki kabisa. Ila nisingependa msomaji mwingine, ambaye feritini yake (protini ya damu inayoonyesha akiba ya chuma) haina tatizo, amwage mnanaa wake kwa hofu baada ya kuusoma uzi huu.

Jambo la pili ni kwamba neno mitishamba linakusanya vitu visivyofanana. Rooibos, mmea wa Afrika Kusini ambao majani yake hayana kafeini, ulipimwa na Hesseling na wenzake mwaka 1979 kwa vijana wa kiume wenye afya. Waliokunywa chuma pamoja na maji walifyonza wastani wa asilimia 9.34, waliokunywa pamoja na rooibos asilimia 7.25, na waliokunywa pamoja na chai ya kawaida asilimia 1.70. Linganisha hayo na mnanaa. Ukiniuliza kama mitishamba huzuia chuma, nitakuuliza ni mmea gani, umekolea kiasi gani, umenywewa na mlo gani na saa ngapi. Hata ile asilimia 84 haikuandikwa juu ya jani la mnanaa. Ni ya kikombe kile, chenye majani yale, yaliyolowekwa kwa muda ule. Jani lililokaa kwenye maji dakika mbili na lililosahauliwa humo robo saa haviwezi kutoa polifenoli sawa.

Mfamasia wa Zamu amejibu:

Ndugu zangu wamesema mengi ya maana. Mimi nitaongezea upande wa vidonge na saa, kwa sababu huko ndiko watu wengi wanakopoteza faida bila kujua.

Anayetaka kuiona kemia hii kwa macho anaweza kuchukua kidonge cha salfeti ya chuma, akakisaga, akakikoroga ndani ya maji kidogo, kisha akamiminia chai nyeusi iliyokolea. Ndani ya muda mfupi kioevu hupoteza rangi yake ya kahawia na kuingia weusi wenye kaibuluu, na kikiachwa wazi kwa hewa weusi huo huzidi, hatimaye mashapo membamba hujikusanya chini ya glasi. Muungano huo wa chuma na tanini ndio uliotumika kutengeneza wino kwa karne nyingi, pale salfeti ya chuma ilipochanganywa na tanini iliyotolewa katika vivimbe vya miti ya mwaloni. Mtu anayemeza kidonge chake kwa chai anafanya jambo lilelile tumboni. Baada ya kulionyesha hilo mara moja kwa mteja, sihitaji kulieleza tena.

Kwa hiyo kidonge cha chuma kimezwe kwa maji, au kwa juisi ya tunda lenye vitamini C. Kisiambatanishwe na chai ya aina yoyote, kahawa, maziwa, vidonge vya kalsiamu wala dawa za kupunguza asidi ya tumbo. Hili ni muhimu zaidi kwa wajawazito, ambao Shirika la Afya Duniani linapendekeza wapewe kila siku miligramu 30 hadi 60 za chuma pamoja na mikrogramu 400 za asidi foliki. Mjamzito huambiwa anywe chai ya mitishamba ili kutuliza kichefuchefu, kisha hutumia kikombe hichohicho kumezea kidonge kilichosababisha sehemu ya kichefuchefu chenyewe.

Kuhusu saa, kuna matokeo mawili yanayosaidia kupanga siku. Morck, Lynch na Cook, mwaka 1983, walichunguza kahawa na kuona kwamba ikinywewa saa moja kabla ya mlo haikupunguza ufyonzwaji wa chuma, lakini ikinywewa saa moja baada ya mlo ilizuia kwa kiwango kilekile kama iliyonywewa pamoja na chakula. Sababu inaeleweka: kahawa iliyotangulia imeshaondoka tumboni, ilhali chakula cha saa moja iliyopita bado kimo, kinasagwa. Utafiti wa mwaka 2017 uliofanywa kwa wanawake wenye afya, safari hii kwa chai, ulionyesha kwamba chai iliyonywewa pamoja na mlo ilipunguza ufyonzwaji kwa takriban asilimia 37, na ikicheleweshwa kwa saa moja athari hiyo ilishuka hadi karibu nusu yake. Mimi huwashauri watu wanywe angalau saa moja kabla ya kula, au wasubiri saa mbili baada ya kula, na kama wanalazimika kuchagua basi wachague kabla.

Niongeze jambo moja lililo pembeni kidogo ya swali. Ipo mimea ambayo haigusi ufyonzwaji wa madini kwa namna tunayoijadili hapa, lakini huyatoa mwilini. Sanamaki huharakisha mwendo wa utumbo mpana, na ikitumiwa kwa muda mrefu, hasa na watu wanaotaka kupunguza uzito, kuharisha kunakofuata huondoa potasiamu nyingi. Urukususu una kemikali iitwayo glisirizini ambayo huzuia kimeng'enya fulani katika figo, mwili ukaanza kufanya kama una homoni nyingi ya kuhifadhi chumvi: sodiamu hubaki, potasiamu hutoka kwa mkojo, na shinikizo la damu hupanda. Kwa mtu anayetumia dawa za kuongeza mkojo, jambo hili linaweza kumfikisha kwenye mapigo ya moyo yasiyo sawa. Nimeona mifuko ya chai za mchanganyiko ambayo orodha ya viungo vyake huutaja urukususu kwa herufi ndogo kabisa, baada ya maua yote mazuri kutajwa. Orodha hiyo isomwe hadi mwisho.

Kikombe cha Pili amejibu:

Ninawashukuru sana. Nimeelewa kwamba kosa halikuwa katika kuchagua mmea bali katika kuuweka mezani pamoja na chakula. Naomba niulize jambo la mwisho: je, madini mengine nayo huathirika, hasa kalsiamu na zinki? Vilevile husemwa kwamba majani fulani yana madini mengi, na kwamba chai yake hujaza hicho kinachozuiwa. Chai nyekundu ya rosela nayo husifiwa kwamba huongeza damu.

Mlo na Maabara amejibu:

Kwa kalsiamu na magnesiamu, polifenoli si tatizo kubwa. Mshindani wa kalsiamu anayejulikana zaidi ni oksalati, ambayo huungana nayo na kuwa fuwele zisizoyeyuka. Chai nyeusi ina kiasi chake, na chai nyingi za mitishamba zina kiasi kidogo zaidi. Kafeini huongeza kidogo kalsiamu inayotoka kwa mkojo, kwa hiyo hapa kinywaji kisicho na kafeini kina nafuu ya kweli, ingawa ni ndogo. Kwa zinki, kizuizi kikuu katika mlo wa mimea ni fitati za nafaka na kunde, na kikombe cha chai hakina uzito mkubwa. Kuloweka kunde, kuotesha nafaka na kuchachusha unga kutakusaidia zaidi kuliko kubadilisha aina ya chai, na kwa bahati njema hatua hizohizo husaidia chuma pia.

Hilo la chai kujaza madini lina kasoro ambayo ninakutana nayo mara nyingi. Watu huchukua uchambuzi wa jani kavu, ambalo kweli linaweza kuwa na madini mengi kwa gramu 100, kisha huyahesabu yote kana kwamba yameingia kikombeni. Mfuko mmoja wa chai una gramu moja na nusu au mbili za majani, na sehemu kubwa ya madini hubaki ndani ya majani hayo unapoyatupa. Potasiamu hutoka kirahisi kwa sababu huyeyuka majini. Kalsiamu iliyofungwa katika fuwele za oksalati, au iliyoshikamana na kuta za seli, haitoki kirahisi. Kamomili iliyokwisha kutayarishwa, kwa gramu 100 za kinywaji, ina takriban miligramu 2 za kalsiamu, miligramu 0.08 za chuma na miligramu 9 za potasiamu. Kikombe cha mililita 250 kinakupa basi miligramu 5 za kalsiamu, na mtu mzima anahitaji kama 1,000 kwa siku. Hata chuma kile kidogo kimo pamoja na polifenoli za mmea wenyewe, kwa hiyo usikitegemee.

Rosela ni kinywaji kizuri, lakini wekundu wake hautokani na chuma. Hutokana na anthosiyanini, rangi za mimea ambazo zenyewe ni jamii ya polifenoli. Ina asidi za kikaboni, ikiwemo asidi ya sitriki, ambazo husaidia chuma kibaki kimeyeyuka, na ua lake bichi lina vitamini C, ila ukikausha na kuchemsha sehemu yake hupotea. Pande mbili zinavutana ndani ya kikombe kimoja. Mimi nisingeitumia kama dawa ya upungufu wa damu, na nisingemkataza mtu kuinywa kati ya milo.

Mkunga Mstaafu amejibu:

Wanangu, mmewataja wajawazito lakini watoto wachanga mmewasahau. Mama akiona mtoto analia tumbo, mtu fulani humshauri ampe vijiko vichache vya maji ya mitishamba. Shirika la Afya Duniani linasisitiza kwamba mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, na hapo hakuna nafasi ya chai ya aina yoyote. Chuma cha maziwa ya mama ni kidogo lakini hufyonzwa vizuri, na tumbo la mtoto ni dogo mno. Ulichomtilia kikombeni kimechukua nafasi ya maziwa, na polifenoli zake zimekifuata chuma kile kidogo. Baada ya miezi 6, anapoanza uji na mboga laini, ndipo akiba aliyozaliwa nayo inapokuwa imepungua, kwa hiyo chai pamoja na uji ni jambo la kuepukwa zaidi katika umri huo kuliko katika umri wetu.

Msomaji wa Kimya ameuliza:

Samahani kwa kuingilia. Katika ukoo wetu kuna ugonjwa wa kurithi wa kuzidi kwa chuma mwilini. Je, kwetu sisi mambo yanageuka, yaani chai wakati wa chakula inakuwa na faida?

Hesabu Kwanza amejibu:

Kwa kiasi fulani, ndiyo. Kaltwasser na wenzake walichapisha mwaka 1998 utafiti kuhusu wagonjwa wa hemokromatosisi, wakaona kwamba waliokunywa chai nyeusi pamoja na milo walifyonza chuma kidogo zaidi, na chuma kilijikusanya tena mwilini mwao kwa kasi ndogo. Jambo hilohilo linalomsumbua dada Kikombe kwenu linasaidia. Ila tiba yenyewe inabaki kuwa kutolewa damu kwa ratiba ya daktari. Chai inaweza kupunguza idadi ya mara za kutolewa damu, haiwezi kuziondoa. Tena uwe mwangalifu na vidonge vya vitamini C, kwa sababu huongeza kile ambacho ninyi mnataka kipungue. Ndugu wa karibu wa mgonjwa nao wanapaswa kupimwa hata kama wanajisikia wazima, kwa kuwa chuma hujilimbikiza kwa miaka mingi kabla ini halijaonyesha dalili.

Kikombe cha Pili amejibu:

Nimepanga hivi: maji na tunda wakati wa chakula, mnanaa saa moja kabla ya mlo wa mchana, kamomili saa mbili baada ya mlo wa jioni. Baada ya muda gani inafaa nipime tena feritini ili nijue kama mpango unafanya kazi?

Mfamasia wa Zamu amejibu:

Mpango ni mzuri. Subiri miezi mitatu hivi, kwa sababu chuma kipya huanza kujenga hemoglobini na akiba hufuata baadaye, na ukipima mapema utakata tamaa bure. Kwa mtu mzima mwenye afya, feritini iliyo chini ya mikrogramu 15 kwa lita huhesabiwa kuwa akiba imekwisha. Linganisha matokeo mapya na ya kwanza, na kama inawezekana upime katika maabara ileile. Usiende kupima ukiwa na mafua, homa au kidonda kinachouma, maana feritini hupanda yenyewe mwili unapokuwa na uvimbe au maambukizi, na namba nzuri ya siku hiyo inaweza kuficha akiba ambayo bado iko chini. Ukiomba kipimo cha CRP, kinachoonyesha kama mwili una uvimbe au maambukizi, kifanywe katika damu hiyohiyo, daktari wako ataweza kutofautisha. Na kama baada ya miezi hiyo feritini haijasogea ilhali saa zako umezifuata, kamwone tena bila kuchelewa, kwa kuwa hedhi nzito, vidonda vya tumbo na minyoo ya safura hupoteza damu kwa kiasi ambacho hakuna mpango wa chai utakaokifidia.